Wawili wameruka mita 8.22, kwa nini dhahabu apewe mmoja?

Swali la msomaji: "Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo. Nimewaonyesha wanafunzi wangu fainali ya kuruka chini wanaume ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Ndani, Glasgow 2024. Miltiadis Tentoglou wa Ugiriki aliruka mita 8.22, na Mattia Furlani wa Italia naye 8.22. Tentoglou akapewa dhahabu, Furlani akabaki na fedha. Wanafunzi wamenibana: mbona Barshim na Tamberi waligawana dhahabu ya kuruka juu kwenye Olimpiki ya Tokyo? Nimewajibu kwamba labda anashinda aliyetangulia kuufikia umbali huo, lakini sina uhakika. Nimewadanganya?"

Marahaba, mwalimu. Umewakosesha kidogo, na ni kosa wanalofanya wengi, hata watangazaji wa mpira wanapopewa zamu ya riadha. Kutangulia hakumpi mtu faida yoyote. 8.22 ya raundi ya kwanza na 8.22 ya raundi ya sita zina uzito mmoja. Kilichompa Tentoglou dhahabu ni mruko wake wa pili kwa ubora, ule ambao watazamaji wengi walikuwa wameshausahau. Ulikuwa mrefu kuliko mruko wa pili wa Furlani, basi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika mashindano yote yanayopimwa kwa umbali, yaani kuruka chini, miruko mitatu, tufe, kisahani, nyundo na mkuki, wawili wakilingana huangaliwa matokeo yao ya pili kwa ubora. Yakilingana nayo, huangaliwa ya tatu, kisha ya nne, mpaka nafasi zao zote ziishe. Wakiwa sawa mpaka hapo, wanabaki sare, hata kama sare hiyo ni ya nafasi ya kwanza. Kwa hiyo dhahabu ya kuruka chini inaweza kugawanwa. Ila inahitaji watu wawili walingane sentimita kwa sentimita katika kila mruko wao unaohesabika, jambo ambalo ni gumu kulipata katika fainali kubwa.

Wachoree ubaoni mfano huu niliotunga. Mrukaji wa kwanza: 8.22, faulo, 7.95, faulo, 8.02, faulo. Mrukaji wa pili: 7.80, 8.04, 7.91, 7.88, 8.22, 7.90. Waulize nani ameshinda. Wengi watamtaja wa kwanza kwa sababu alianza kwa kishindo akaongoza raundi nne nzima. Mshindi ni wa pili, maana 8.04 yake imeipita 8.02 ya mwenzake. Na faulo tatu za yule wa kwanza hazikumponza zenyewe. Hesabu ya faulo haimo kabisa katika kuvunja sare ya kuruka chini. Zilimponza kwa njia nyingine: zilimnyima nafasi tatu za kuzipata zile sentimita mbili alizozihitaji.

Hapo ndipo kuruka juu kunapoachana na kuruka chini, na ndipo jibu la Barshim na Tamberi lilipo. Kwenye kuruka juu hakuna "mruko wa pili kwa ubora," kwa sababu kipimo ni upau uliowekwa kwa kimo kilekile kwa wote. Wawili wakikwama kimo kimoja, huhesabiwa makosa: nani aliangusha upau mara chache zaidi kwenye kimo cha mwisho alichokivuka, kisha nani alikuwa na makosa machache tangu mwanzo hadi hapo. Mutaz Essa Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia walifika mita 2.37 bila kuangusha upau hata mara moja, kisha wote wakashindwa mara tatu kwenye 2.39. Makosa yalilingana. Kanuni ikawapa hiari: waendelee na mruko wa kuamua, au wakubali kugawana. Wakagawana.

Sasa wape wanafunzi wako kipande ambacho mimi hukipenda kuliko vyote katika habari hii. Barshim na Tamberi waligawana dhahabu tarehe 1 Agosti 2021. Kesho yake, katika uwanja uleule, ikaja fainali ya kuruka chini wanaume. Juan Miguel Echevarría wa Cuba alikuwa anaongoza kwa mita 8.41. Tentoglou, huyuhuyu wa Glasgow, akawa amebakiwa na mruko mmoja tu. Akaruka 8.41. Sawasawa. Echevarría alikuwa bado na nafasi ya kujibu, lakini mguu ulimsaliti akiwa anakimbia kuelekea ubao. Ikabidi karatasi ya matokeo iamue. Mruko wa pili kwa ubora wa Tentoglou ulikuwa 8.15, wa Echevarría 8.09. Dhahabu ikaenda Ugiriki.

Kwa hiyo yaliyotokea Glasgow hayakuwa mapya kwa Tentoglou. Alishawahi kushinda dhahabu kubwa kwa njia hiyohiyo. Wala hayakuwa mapya kwa mashindano ya ndani: Istanbul 2012, Mauro Vinícius da Silva wa Brazili na Henry Frayne wa Australia waliruka 8.23 wote wawili, na dhahabu ikaenda kwa Mbrazili kwa mruko wa pili.

Kuna jambo moja la upimaji ambalo lazima ulielewe vizuri kabla hujasimama tena mbele ya darasa. Mruko hupimwa kutoka alama ya karibu zaidi ambayo mwili umeiacha mchangani hadi kwenye mstari wa kurukia, kwa pembe mraba. Ikiwa si sentimita kamili, vipande hutupwa. Hakuna kupandisha. Aliyeruka mita 8.229 anaandikiwa 8.22, na aliyeruka 8.221 naye anaandikiwa 8.22. Kwa hiyo "wamelingana" maana yake ni kwamba wamelingana kwa kipimo cha kanuni. Sioni ubaya wowote hapo. Mchanga si kioo. Punje zinaporomoka, ukingo wa alama unalegea, na kujidai unaona milimita ndani yake ni kujidanganya. Ni haki zaidi kumuuliza mtu "una nini kingine?" kuliko kumpa mwenzake medali kwa upana wa punje tatu.

Tena wakumbushe kwamba mchanga hausamehe. Mrukaji anayetua vizuri kwa visigino kisha akaegemea nyuma na kuweka kiganja amepimiwa kiganja. Nimesimama mara nyingi karibu na shimo nikaona hivyo: visigino vimezama mbele, kila mtu anapiga makofi, na nusu mita nyuma yake kuna alama ndogo ya vidole vitatu. Mwamuzi anachomeka kipimo pale penye vidole. Kijana anageuka kutazama mchanga wake, anaona, anashika kichwa. Kisha reki inapita na yote yanafutika.

Lakini sentimita nyingi hupotea kabla hata mtu hajaruka, pale kwenye ubao. Ubao una upana wa sentimita 20. Umbali hupimwa kutoka ukingo wake wa mbele, ule unaoelekea mchangani, hata kama mguu ulikanyaga nyuma yake. Aliyekanyaga sentimita 12 nyuma ya mstari amezitoa sadaka hizo 12, hakuna wa kumrudishia. Na aliyepitiliza, hata kidogo, anainuliwa bendera nyekundu na kuondoka bila kitu. Zamani palikuwa na ukanda wa plastisini, yaani udongo laini wa kufinyanga, mbele ya mstari, na ncha ya kiatu iliweza kuning'inia juu yake bila kuacha alama, mruko ukahesabika. Tangu Novemba 2021 kanuni imekazwa: sehemu yoyote ya kiatu ikivuka usawa wa mstari kabla mguu haujaachana na ardhi, hata ikiwa hewani, ni faulo, na kamera ndizo zinazoangalia. Ulegevu ule mdogo wa zamani haupo tena.

Fikiria sasa mtu anayefika ubaoni kwa kasi ya zaidi ya mita 10 kwa sekunde, baada ya hatua 18 hadi 22, anayetakiwa kuweka mguu mmoja ndani ya upana wa kiganja bila kutazama chini. Akitazama chini kichwa kinainama, kasi inakufa. Mguu unakaa ubaoni kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo ndipo mashindano yote yalipo, mwalimu. Mimi huwaambia vijana kwamba kuruka ni matokeo, kazi ni kukimbia.

Ndani ya ukumbi kazi hiyo ina ladha yake. Mara nyingi njia ya kukimbilia hujengwa juu ya jukwaa la mbao lililofunikwa mpira. Ina mdundo. Mwanariadha aliyezoea njia ngumu ya nje hujikuta hatua zake zinarefuka bila yeye kutaka, na mruko wa kwanza unakuwa faulo. Ukimtazama baada ya hapo utaona anachofanya: anarudi pembeni ya njia, anainama, anang'oa alama yake na kuirudisha nyuma kwa urefu wa kiatu kimoja, labda nusu kiatu. Anasimama, anatazama ubao, anainama tena, anaisogeza kwa vidole viwili. Hana muda wa kusitasita, maana akishaitwa ana dakika moja tu. Kidole kile kinachosogeza alama kwa sentimita tatu kina thamani ya medali.

Na ndani hakuna upepo. Nje, upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde mruko hauwezi kuwa rekodi, na ugomvi wa upepo hauishi. Mwaka 1995 huko Sestriere, Italia, Iván Pedroso wa Cuba aliruka mita 8.96, sentimita moja zaidi ya rekodi ya dunia ya Mike Powell ya 8.95, lakini haikukubaliwa kwa sababu palikuwa na mtu amesimama mbele ya kipima upepo. Ukumbini hayo hayapo. Wote wanaruka katika hewa ileile iliyotulia, hakuna anayebahatika kusukumwa na hakuna anayepigwa kifuani.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, medali za ndani mara nyingi hukaa karibu kiasi cha kutisha. Tazama. Moscow 2006: Ignisious Gaisah wa Ghana alichukua dhahabu kwa 8.30, Irving Saladino wa Panama 8.29. Portland 2016: Marquis Dendy wa Marekani 8.26, Fabrice Lapierre wa Australia 8.25. Birmingham 2018: Echevarría 8.46, Luvo Manyonga wa Afrika Kusini 8.44, Dendy 8.42. Glasgow 2024 unaijua, ila usisahau aliyepata shaba, Carey McLeod wa Jamaika: 8.21. Watu watatu ndani ya sentimita moja. Kisha Nanjing 2025, Furlani akaipata dhahabu yake kwa 8.30, Wayne Pinnock wa Jamaika 8.29, Liam Adcock wa Uingereza 8.28. Zipo fainali za kupishana sana, kama Belgrade 2022 ambapo Tentoglou aliruka 8.55 na aliyemfuata, Thobias Montler wa Sweden, 8.38. Lakini ukiwa kocha huwezi kumwandaa mtu wako ukitegemea siku kama hiyo.

Mtazame Furlani. Glasgow alikuwa na miaka 19, alikuwa amemfikia bingwa wa Olimpiki sentimita kwa sentimita, akapoteza kwa mruko wa pili. Mwaka mmoja baadaye akashinda kwa sentimita moja. Kocha wake ni mama yake mzazi, Khaty Seck, ambaye naye alikuwa mkimbiaji. Mimi napenda kuamini kwamba nyumba ile iliijadili karatasi ya Glasgow zaidi ya mara moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, lakini nadhani ndilo litakalowafaa zaidi wanafunzi wako. Kijana akipata mruko mzuri mapema, jambo la kwanza analotaka ni kukaa chini. Anavaa koti, anafungua chupa ya maji, anaacha nafasi zinazobaki zipite, au anaziruka kwa uvivu ili kutimiza wajibu. Anafikiri ameshamaliza kazi. Kanuni ya mruko wa pili inasema hajamaliza, kwa sababu ule mruko wake mzuri bado hauna mlinzi. Mwenzake akija kuufikia, yeye atakuwa ameshikwa uchi.

Tena mruko mrefu kuliko yote huweza kuwa wa mwisho. Rekodi ya dunia ya ndani, mita 8.79, Carl Lewis aliiweka New York tarehe 27 Januari 1984, katika mruko wake wa mwisho, siku ambayo Larry Myricks alikuwa mbele yake. Rekodi hiyo ingalipo. Anayeikaribia zaidi ni Sebastian Bayer wa Ujerumani, mita 8.71, kwenye ubingwa wa Ulaya wa ndani huko Torino mwaka 2009, naye pia alikuwa kwenye mruko wake wa mwisho. Na Tentoglou kule Tokyo tumeshamsema. Hao wote wangekuwa wamevaa makoti, tusingekuwa na cha kusimulia.

Mazoezini mimi hufanya hivi. Badala ya kumwandikia kijana mruko wake bora wa siku, najumlisha miwili bora. Aliyeruka 6.40 na 6.05 ana 12.45. Aliyeruka 6.30 na 6.28 ana 12.58, na ndiye ninayemsifu siku hiyo. Mwanzoni wananung'unika, hasa wale wenye nguvu na papara. Baada ya wiki chache unaona wanaanza kushughulikia alama zao za kuanzia, kwa sababu faulo sasa inawauma. Usiwaache pia waogope ubao hadi waruke kutoka mbali nao. Mruko wa kwanza uwe wa uhakika, mguu ndani ya ubao hata kama ni kwa nyuma kidogo, umbali upatikane. Kuanzia wa pili ndipo wasogee kuutafuta ukingo. Ambaye hajapata mruko wowote halali katika raundi mbili za mwanzo, akija kwenye ya tatu hurukia hofu, na mashindano mengi makubwa huwapunguza watu baada ya raundi hiyo ya tatu.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe mwenyewe siku ya mashindano ya shule. Chunguza karatasi zako za matokeo. Nimeona mara nyingi mwandishi wa matokeo, kwa nia njema kabisa ya kurahisisha kazi, anaandika mruko bora tu wa kila mtoto na kuacha mingine, au anafuta wa zamani kila akiboresha. Wakilingana wawili, hana pa kurudi. Wanaanza kubishana kuhusu nani alitangulia, mwalimu mwenye sauti kubwa anashinda, na mtoto anarudi nyumbani akiamini ameonewa. Chora safu sita. Kila mruko uandikwe kwenye safu yake hata ukiwa mfupi wa kuchekesha, faulo iwekewe alama ya X, na aliyeacha nafasi ipite awekewe kistari. Futi kamba isomwe kwa sauti, watu wawili wakiitazama, na namba iandikwe kabla reki haijagusa mchanga.